Viti Arobaini vya Parokia

Katika ghala ya parokia yetu, hapa Kindu, kuna viti arobaini vya plastiki nyeupe, vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na dari. Tulivinunua kwa mavuno ya shamba la kikundi na kwa michango ya Dominika. Vimekaliwa na maharusi, waimbaji, wazazi wa watoto wa Komunyo ya kwanza, na wageni wa Askofu. Kwa muda mrefu hatukujiuliza vilitoka wapi, wala vilikuwa kwa ajili ya nani.

Kiti hiki kina historia. Mwaka 1946 Mkanada D. C. Simpson alibuni kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kisicho na kiungo wala msumari. Mwaka 1954, mjini Milano, Giulio Natta na wenzake walipata polipropilini, plastiki nyepesi na imara. Mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Wabunifu wa Ulaya walitamani kiti ambacho kila mtu angeweza kukipata. Kiti cha Mdenmaki Verner Panton, kilichoanza kutengenezwa kiwandani mwaka 1967, kilipendeza mno, lakini kilidai kazi nyingi ya mkono. Ndipo mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti chake, Fauteuil 300, ambacho kimoja kilitengenezwa kwa muda usiofika dakika mbili. Wengine waliliiga umbo lake, likaenea duniani kote.

Punje za plastiki huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, kisha husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Plastiki ikipoa, kiti hutoka kizima: miguu, mikono na mgongo. Kalibu hiyo hugharimu fedha nyingi sana, hata ni lazima itoe maelfu ya viti ndipo gharama yake irudi. Hiyo ndiyo siri ya bei yake: kiti hiki ni rahisi kwa sababu kimekusudiwa watu wengi. Ndiyo maana kimefika hata kwetu, kando ya mto Lualaba, kwa gari la moshi kutoka upande wa Katanga au nyuma ya pikipiki.

Sisi tulikifanya kuwa cha wachache. Siku moja jamaa ya mama mmaskini wa ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, walikuja kuomba viti kwa ajili ya matanga ya mtoto wao. Hawakuwa na faranga za kukodi. Tulifungua daftari, tukawasomea sheria yetu: asiyelipa kwanza hachukui kiti. Wakaondoka bila neno.

Usiku tulivuka kwa mtumbwi kwenda kuimba na kusali nao, kama ilivyo desturi yetu. Tuliwakuta waombolezaji wameketi juu ya mikeka na matofali. Mzee wa nyumba alikuwa na kigoda kimoja tu. Alipotuona, aliinuka, akampa kiongozi wetu kigoda chake, akasema, "Karibuni, watoto wangu, ketini." Naye akaketi chini. Ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwa kiongozi wetu.

Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anawakaripia waamini waliompa tajiri mahali pazuri katika kusanyiko, na kumwacha maskini asimame au akae chini. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi, tukidhani inawahusu wengine.

Tulipokutana tena, tulijadili kwa ukali. Baadhi yetu walisema, "Tukiviazima bure, vitavunjika, nani atanunua vingine?" Mwingine alisimulia habari za mhandisi wa Marekani, Don Schoendorfer, aliyefunga magurudumu kwenye kiti cha plastiki kama hiki ili kimchukue asiyeweza kutembea. Shirika lake, Free Wheelchair Mission, lilianzishwa mwaka 2001, na viti vyake vimefika hata Uganda. Tukaona haya. Tukakubaliana: arusi zenye uwezo zitaendelea kulipa, bali nyumba ya msiba isiyo na kitu haitaulizwa faranga, nasi wenyewe tutavibeba viti, hata kama ni kuvuka mto.

Wale waliopinga hawakukosea. Viti vinne vimekwisha kupasuka, maana jua hukausha plastiki na mizigo huichosha. Lakini plastiki haiozi, na moshi wake ni mbaya. Basi hatuvitupi wala hatuvichomi. Tunapasha msumari moto, tunatoboa matundu kando ya ufa, tunaushona kwa waya. Viti vilivyoshonwa haviendi matangani, wala hawapewi wageni. Hivyo ni vyetu sisi viongozi, katika mikutano yetu ya Jumamosi. Waya hutuchoma kidogo mgongoni, nasi hukumbuka kigoda cha mzee yule.

Vijana wenzetu, kila kikundi kina ghala yake na ufunguo wake. Tujiulize mbele ya Bwana: ni nani aliyeketi chini kwa sababu ufunguo uko mfukoni mwetu?