Kabla hujanunua monita pana

Uyole, Mbeya

Mpwa wangu mpendwa,

 

Ujumbe wako umenifikia. Unataka kuiondoa ile monita ya mraba ya inchi 17 pale steshenari kwako Igowole uweke pana, na umeuliza kama kompyuta yenyewe, kwa uzee wake, itaimudu. Itaimudu, hilo lisikunyime usingizi. Wasiwasi wangu uko kwenye monita utakayouziwa, maana wengi wameona upana wakafurahi, kumbe wamelipia kioo kinachoonyesha kidogo kuliko kile walichokitoa mezani.

Inchi wanazotaja wauzaji hupimwa mshazari, pembe hadi pembe. Monita yako ya inchi 17 ina upana wa sentimeta 34 hivi na kimo cha 27. Chukua sasa pana ya inchi 18.5, saizi ambayo ni ya kawaida sana kwenye maduka ya mitumba: upana unafika sentimeta 41, lakini kimo kinashuka hadi 23. Inchi zimeongezeka, ukurasa umepungua. Na nukta zinazojenga picha nazo zimepungua. Yako ina nukta 1280 kwa 1024, zaidi ya milioni 1.3. Nyingi za inchi 18.5 zina 1366 kwa 768, milioni moja na kidogo tu. Barua ya mteja uliyokuwa ukiiona karibu yote, sasa utaipandisha na kuishusha siku nzima kwa mausi.

Umbo hilo pana, la 16 kwa 9, lilipendekezwa miaka ya 1980 kwa ajili ya televisheni. Watengenezaji wa monita walilifuata kwa wingi kuanzia mwaka 2008 hivi. Halikukusudiwa kwa mtu anayechapa barua, kwa hiyo ni juu yako kutafuta saizi ambayo umbo hilo linaanza kukufaa.

Kwa kazi yako, saizi hiyo ni inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080. Pima mwenyewe kwa rula. Kimo chake ni karibu sentimeta 30, na karatasi ya A4 ina 29.7. Upana wake ni 53, na A4 mbili zikikaa ubavu kwa ubavu zinachukua 42. Ukitoa nafasi ya menyu za juu, unapata kurasa mbili karibu na ukubwa wake halisi, na maandishi yanasomeka bila kukodoa macho. Ukikosa hiyo, tafuta zile za ofisini za inchi 22 zenye 1680 kwa 1050. Umbo lake ni 16 kwa 10, kimo chake nacho kinakaribia sentimeta 30, na kwa kuchapa ni nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Fikiria siku zako zinavyokwenda. Mwalimu analeta mtihani ulioandikwa kwa mkono. Unauskani, unauweka kushoto, unachapa kulia, shingo yako haiinami tena kwenye karatasi iliyolala kando ya kibodi. Mfanyabiashara wa mbao analeta orodha: vipimo, urefu, idadi, bei, jumla. Kwenye Excel safu zote zinaonekana pamoja, naye anasimama hapo anahakiki hesabu yake kabla hujaprinti. Msimu wa maombi ya mkopo ukifika, kijana anakuja na cheti cha kuzaliwa na namba zake za mtihani. Cheti upande huu, fomu ya Bodi ya Mikopo (HESLB) upande ule, unasoma tarakimu na kuandika bila kufungua na kufunga madirisha. Tarakimu moja ikikosewa, kijana huyo anaweza kupoteza wiki nzima akihangaika kuirekebisha. Hiyo ndiyo sababu naona pesa hii inatumika vizuri.

Sasa mashine. Lile tundu la bluu nyuma ya CPU, lenye pini 15, ni VGA. Lilianza mwaka 1987 kwenye kompyuta za IBM PS/2, na hadi leo linapitisha 1920 kwa 1080 bila shida. Picha nzima ya kioo hicho inahitaji MB 8 na kidogo tu za kumbukumbu, mzigo ambao hata mashine ya zamani haiuhisi. Video ndiyo nyingine: ukifungua video kubwa ya YouTube iliyojaza kioo, CPU yako itahema. Punguza ubora wake hadi 480 au 720. Steshenari haiishi kwa video.

Ukishaunganisha, Windows inaweza kuleta picha iliyovutwa kwa upana. Usiizoee hata siku moja. Tafuta draiva ya grafiki ya mashine yako, iingize, kisha uweke rezolusheni iliyoandikwa kwamba ni ya kioo hicho. Nasisitiza kwa sababu ya picha za pasipoti. Kioo kikivuta, uso wa mteja unapanuka kama yai lililolazwa. Wewe utajaribu kuurekebisha, na ukiprinti unatoka mwembamba usiotambulika. Kisha bonyeza kitufe cha auto kwenye monita ili maandishi yatulie, maana mawimbi ya VGA huhitaji kupangwa na hicho kitufe.

Nataka monita yenye VGA na HDMI zote mbili. VGA ni kwa ajili ya leo. Ukikuta yenye HDMI peke yake, kuna waya wa bei ndogo wenye VGA upande mmoja na HDMI upande mwingine, na muuzaji atakuambia unatosha. Hautoshi. VGA inatoa mawimbi ya analogi, HDMI inataka dijitali, na katikati lazima kiwepo kifaa cha kubadilisha, kwa kawaida chenye waya wa USB wa kukipa umeme. HDMI ni kwa ajili ya kesho. Wapo watakaokuambia usubiri ununue kompyuta mpya kabisa, mimi siafiki. Monita nzuri huishi zaidi ya CPU moja, na siku utakayobadilisha mashine utaichomeka hiyo hiyo.

TV ya inchi 32 usiiguse. Najua bei yake inavutia na ukubwa wake unapendeza dukani. Nyingi za bei hiyo zina nukta zile zile 1366 kwa 768, zimetandazwa tu kwenye kioo kikubwa, na wewe utakuwa umekaa hatua moja kutoka kwake kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Umeme pia. Hiyo yako ya zamani inamulikwa na taa za mirija, ndiyo maana asubuhi za baridi ya huko inaanza na mwanga hafifu wa njano mpaka ipate joto. Chagua yenye mwanga wa LED: ya inchi 24 mara nyingi hula wati 20 hadi 30, pengine chini ya hiyo ndogo unayoitumia, na UPS itakupa dakika za kuhifadhi kazi umeme ukikatika. Radi zikianza, chomoa waya ukutani, usitegemee swichi.

Ukienda kununua, Mafinga au Iringa mjini, beba CPU yako na waya wake. Iwashwe mbele yako. Weka kioo cheupe kitupu, halafu cheusi kitupu, utafute nukta zilizokufa na madoa ya mwanga pembeni. Njiani isimame wima, kioo kikielekea kwenye kitu bapa na kigumu, nailoni juu yake, maana mvua ya huko kwenu Mufindi haitoi taarifa. Ukifika, usiiwashe papo hapo. Iache ndani unyevu ukauke.

Jambo la mwisho ni la watu wako. Kioo kikubwa kinasomwa na kila aliye kwenye foleni. Namba ya kitambulisho (NIDA) ya mtu, nywila yake, matokeo yake, madeni yake, vyote vitakuwa wazi hadi mlangoni. Geuza meza ili kioo kitazame ukuta, na mwenye shida aje asimame pembeni yako. Ile ya inchi 17 usiiuze. Kama CPU ina matundu mawili ya picha, igeuzie kwa mteja aone kazi yake peke yake.

Msalimie bibi na wote wa nyumbani. Ukiwa dukani nipigie kabla hujatoa pesa, unisomee rezolusheni ya monita hiyo. Nisiposikia 1920 kwa 1080 au 1680 kwa 1050, nitakuambia uiache.

Mjomba wako