Kompaila Haikuwa na Hatia

Karakana yetu ilikuwa Remera, jijini Kigali, upande wa Gisimenti, si mbali na Uwanja wa Amahoro. Tulitengeneza skrini za matangazo za bei nafuu zenye prosesa za ARM, na mimi nilikabidhiwa draiva, yaani programu inayoandika rangi moja kwa moja kwenye memori ya skrini. Msimbo wake tuliurithi kwa waliotutangulia.

Mwaka 2022 ilitoka kompaila ya GCC 12. Tulipohamia huko, skrini zilizokuwa nzima zikaanza kuzimika, ilhali hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa draiva. Kijana niliyefanya naye kazi akaniambia, "Kaka, turudi kwenye ile ya zamani, wateja wanasubiri." Nilikataa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dalili ilikuwa ya ajabu. Kisanduku kikichorwa kwenye ukingo wa kushoto, salama. Kikisogezwa pikseli moja kulia, programu inakufa papo hapo. Tukaifungua kwa kitatuzi cha gdb na kusoma maagizo ya mashine, moja baada ya jingine. Kompaila ya zamani iliandika pikseli moja moja, baiti 4 kila mara. GCC 12, kwa kiwango kilekile cha uboreshaji, -O2, huunganisha kazi za namna hiyo: ikawa inaandika pikseli nne kwa pigo moja, baiti 16. Memori ya kawaida huvumilia hayo. Lakini memori yetu ilikuwa imesajiliwa kama ya kifaa, na hapo ARM haina msamaha: anwani isiyogawanyika kwa 16 haipokei pigo la baiti 16. Kusogea pikseli moja ni kusogea baiti 4 tu.

Kompaila ilikuwa ndani ya haki yake. Msimbo haukuwahi kuiambia kwamba memori ile ina masharti. Tukaitangaza memori hiyo kuwa volatile, ili kila pikseli iandikwe peke yake, kisha tukaongeza jaribio linalochora kisanduku kuanzia kila pikseli ya mstari.

Kwenu vijana mnaoingia kazi hii: programu ikivunjika baada ya kubadili kompaila, msikimbilie kurudi nyuma wala kuzima uboreshaji. Someni maagizo ya mashine, tafuteni ahadi ambayo msimbo uliitegemea bila kuiandika, kisha iandikeni.