Akiba Isiyooza

Mahindi mabichi yakiisha kuvunjwa mwezi wa Agosti, wakulima wengi huyaacha mabua yakauke juani. Ifikapo Januari ng'ombe hutafuna makapi yasiyo na nguvu, maziwa hupunguka, na karo ya watoto huwa shida.

Mkulima mmoja aliyafukia mabua yake shimoni, lakini haraka ilimponza: hakuyakatakata wala kuyashindilia. Hewa ilibaki ndani, na alipofunua alikuta ukungu na uvundo. Ikambidi kuyatupa yote.

Mwaka uliofuata aliyakata yangali mabichi, vipande vya sentimita 2 au 3, akayachanganya na marando ya viazi vitamu yaliyonyauka kidogo. Alinyunyiza molasi iliyozimuliwa kwa maji, akashindilia kila tabaka, kisha akafunika kwa nailoni na udongo. Sukari ya molasi hulisha vijidudu viletavyo uchachu, na uchachu huo ndio uzuiao kuoza. Baada ya majuma sita harufu ilikuwa nzuri, na ng'ombe walikula wakamaliza.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya majani huoza, ikiwa mwenyewe ameiachia hewa.