Kolo: Ngeu, Unga na Kalamu

Tangu lami ya kutoka Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, safari ya Kolo imekuwa jambo la asubuhi moja. Unasali Alfajiri Dodoma mjini, unaipita Kondoa jua likiwa bado pole, na baada ya kilometa zipatazo 25 kuelekea kaskazini unafika katika kijiji ambacho wasafiri wengi hukipita bila kugeuza shingo. Njia yenyewe ni sehemu ya ile barabara kuu ambayo watawala wa Kiingereza waliiota kuwa itaunganisha Cape Town na Cairo. Wengine waliota reli na barabara. Sisi tulikuwa na basi dogo, familia tisa, masinia mawili ya mikate na boksi moja la vitabu.

Katika nchi hii ya Warangi kinachomlaki mgeni kwanza ni udongo. Ni mwekundu, na katika kingo za makorongo unaonekana kama jeraha lililopona nusu. Mmomonyoko uliitafuna Kondoa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote katika eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumzike. Leo vilima vingi vimevaa miti tena. Lakini wekundu ule ungalipo, na msomaji auweke akilini, kwa kuwa tutakutana nao tena juu ya mwamba.

Nieleze kwanza kilichotupeleka. Kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, ilikuwa imegawanyika juu ya jambo lililoanza dogo. Walimu wawili wa madrasa waliomba saa mbili za alasiri ya Jumamosi waachiwe watoto: anayependa kusoma apewe kitabu cha hadithi au cha elimu, anayependa kuchora apewe karatasi na rangi, na anayependa kuoka afundishwe na akina mama katika jiko la msikiti. Mzee mmoja wa kamati, ninayemheshimu kwa elimu yake kabla ya umri wake, alipinga. Vitabu havikumsumbua sana. Kuoka, alisema, kila nyumba inalo jiko lake. Kuchora ndiko alikokuita mlango wa haramu. Na yote matatu kwa ujumla aliyaona ni lagho inayokula wakati wa kuhifadhi Qur'ani. Kikao kilifungwa bila uamuzi.

Jambo lisingekuwa zito lau si binti mmoja wa miaka kumi na mmoja, ambaye daftari lake la michoro lilikuwa limechanwa nyumbani kwao. Mama yake alinifuata baada ya darsa ya wanawake akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, iwapo aliyelichana daftari lile ni sheria au ni hasira. Swali hilo halijibiwi kwa muhtasari wa kikao. Ndipo likaja wazo la ziara ya familia, na mzee wetu akakubali kufuatana nasi kwa sharti moja: watoto wasije wakadhani tunawapeleka mahali pa kutukuzwa.

Pale Kolo ipo ofisi ya Mambo ya Kale. Hapo hulipwa kiingilio na kupatikana mwongozaji, kisha gari huacha lami na kuingia njia ya vumbi. Mwisho wa njia ni mguu. Kupanda kwenyewe ni kwa mawe na mizizi. Watoto walitutangulia, na sisi wenye vitambi tulifuata tukijisingizia kungojana.

Asitazamie mtu pango la giza. Mungomi wa Kolo ni mwamba mkubwa ulioinama mbele kama paa la baraza, na chini ya kivuli chake ukuta wa jiwe umejaa michoro. Wapo watu wembamba, warefu kupita kiasi, vichwa vyao vikiwa na kitu mfano wa nywele nyingi au kilemba. Yupo tembo, yupo twiga, yupo pofu. Mingi ni ya rangi nyekundu, na mikono iliyoichora ilikuwa myepesi, maana mstari wa mgongo wa mnyama umepigwa mara moja bila kusitasita. Michoro mingine ni mizito na myeupe, nayo wataalamu wanaihusisha na wakulima wa lugha za Kibantu waliokuja baadaye. Ile myekundu ya kale wanaihusisha na wawindaji na waokota matunda. Maeneo ya namna hii katika Kondoa ni zaidi ya 150, yametawanyika katika kilometa za mraba 2,336 kwenye miteremko ya Bonde la Ufa, na mwaka 2006 UNESCO iliyaandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwongozaji alitueleza rangi ilivyopatikana. Jiwe la ngeu, ule udongo mwekundu wenye chuma, lilisagwa juu ya jiwe jingine hadi likawa unga laini; unga ukachanganywa na mafuta ya mnyama au kiowevu kingine cha kuushikiza; kisha ukapakwa kwa kidole, kwa unyoya au kwa kijiti kilichopondwa ncha. Mama mmoja katika msafara wetu, ambaye huoka mikate ya biashara mtaani kwetu, alisikiliza hadi mwisho akasema, "Basi hawa walikuwa jikoni." Watu walicheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Kusaga, kuchekecha, kupima mafuta yasizidi wala yasipungue, kuusubiri mchanganyiko ushikane: hiyo ni kazi ya kinyango cha unga. Anayejua kwa nini mkate umekatika katikati anaweza pia kujua kwa nini rangi imebanduka ukutani.

Mtoto mmoja aliuliza ni nani aliyewafundisha. Hakuna shule iliyofukuliwa pale. Lakini katika kibanda cha mwamba kiitwacho Kisese II, katika eneo hilihili la Kondoa, watafiti wamekuta shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, nyingine zikikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mtu aliyekuwa hana ghala wala uhakika wa chakula cha kesho aliketi akatoboa ganda, akalichonga ukingo likawa duara, kisha akatafuta jingine. Nilimtazama mzee wetu wakati hayo yakisemwa. Alikuwa kimya, ameinamia fimbo yake.

Lipo jambo ambalo mwandishi wa gazeti la Waislamu hawezi kulipita kwa kufumba macho. Mungomi ni mahali ambapo hata katika zama zetu wapo wanaokwenda kuomba mvua na kutafuta tiba, na pombe ya matambiko iliyomwagiwa miamba imeharibu baadhi ya michoro. Watoto waliuliza, na aliyejibu ni mzee mwenyewe, kwa upole ambao sikuutazamia: kwamba mvua inaye Mwenyewe mmoja, na kwamba kutazama kazi ya watu waliopita ili kuzingatia si kuyaabudu mawe yao. Qur'ani inatuamrisha kusafiri katika ardhi na kutazama ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Hatukuweka chochote pale, hatukuchukua chochote. Uharibifu mwingine hauna hata kisingizio cha imani: wapo waliochimba sakafu za mapango wakisaka mali inayosimuliwa kuwa ilifichwa na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo Mei 1916 vilipiganwa hapa Kondoa kwa ukali. Hazina iliyokuwa ukutani, mbele ya macho yao, hawakuihesabu kuwa ni hazina.

Sasa nirudi kwa daftari lililochanwa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya picha zisizo na kivuli. Wengi wao wamekataza kuchora chenye roho, na mimi sina elimu ya kuwasahihisha. Lakini katika Sahihi Bukhari mna habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (R.A.) akisema riziki yake inatokana na kutengeneza picha. Ibn Abbas alimpa onyo zito, na alipoona limemwelemea, akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Naomba wazazi wenzangu waitazame adabu ile. Mtu hakuambiwa aukate mkono wake. Alionyeshwa pa kuupeleka. Na uwanja huo si mwembamba. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, imepambwa pambizo zake kwa mafundo, majani na maua ya wino mwekundu, mweusi na wa manjano, na hadi leo inatafutwa na makumbusho ya nchi za mbali. Hina za maharusi wetu, nakshi za milango, ukili wa mikeka ya rangi: vyote hivyo vinatoka katika mikono iliyowahi kuachiwa ichezee mistari ikiwa midogo.

Kuna mwanamke mmoja ambaye bila yeye michoro ya Kolo isingejulikana kama inavyojulikana. Mary Leakey, binti wa mchoraji wa mandhari, aliingia katika elimu ya mambo ya kale kwa kalamu yake ya kuchorea, hakuwa na shahada. Mwaka 1951 yeye na mumewe Louis walipiga kambi Kondoa, naye akanakili michoro ipatayo 1,600, umbo baada ya umbo. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983. Niliwasimulia mabinti habari hiyo, na yule wa daftari akauliza swali moja tu: alitumia penseli ya namna gani? Sikuwa na jibu, nikafurahi kwa swali.

Tulishuka kwa ajili ya Sala. Kwa kuwa tulikuwa wasafiri tulizikusanya Adhuhuri na Alasiri tukazipunguza, kisha tukatandika mikeka chini ya mti na masinia yakafunguliwa. Palikuwa na mkate wa kumimina, wenye iliki na tui la nazi iliyotoka mbali, maana Dodoma haioti mnazi, na palikuwa na keki ya unga wa ulezi ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaionja. Mwenye keki, yule mama mwokaji, hana oveni. Hutandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, akaupasha moto juu ya jiko la mkaa, akaitia ndani sufuria ndogo yenye mchanganyiko, akafunika kwa sinia na kupalia makaa juu yake. Alianza kwa kujaribu, baada ya kulaza wanawe, na keki tatu za mwanzo aliwapa kuku. Sasa huuza, lakini ulezi ule, alisema, hauuzi. Ule ni wa kujifurahisha. Baba mmoja alimuuliza mbona asiuuze kama ni mzuri hivi. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa mbona hauzi watoto wake.

Boksi la vitabu lilifunguliwa baada ya chai. Nilikuwa nimetia humo vitabu viwili vya Shaaban Robert, na nikawaeleza vijana kwamba mshairi huyo, ambaye wao humjua kwa mtihani, katika miaka ya 1940 alikuwa mtumishi wa idara ya wanyama Mpwapwa, mkoa huuhuu wa Dodoma. Mchana alikuwa karani wa Serikali. Kuandika kulikuwa kwa saa zake mwenyewe. Wawili waliomba kuazima. Wengine walilala, na sikuwaamsha, kwani kusoma kwa kulazimishwa kumeshawaua wasomaji wengi kuliko ujinga.

Ndani ya basi, jua likielekea kuchwa, mzee wetu alianza kusema bila kuulizwa. Alipokuwa chuoni, alisema, wao ndio waliotengeneza wino: masizi ya chungu, gundi ya mti, maji kidogo, kukoroga hadi mkono uchoke. Waliandikia ubao, wakaosha, wakaandika tena. Aliyekuwa na hati nzuri alipewa kuandika ubao wa mwenzake. "Nilikuwa na hati nzuri," alisema, akanyamaza hadi Kondoa.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Saa mbili za Jumamosi zilipita kwa kura tano kwa tatu, kwa masharti kuwa watoto wachore visivyo na roho, kuoka kusigharimiwe kwa fedha za msikiti, na hifdhi isipunguzwe hata nusu saa. Mzee alikuwa miongoni mwa wale watatu. Jumamosi ya kwanza alifika kabla ya watoto, amebeba mbao nne na kopo la wino mweusi, akaomba apewe kona yenye mwanga. Binti wa daftari ameketi kwake tangu siku hiyo. Majani anayochora kandokando ya herufi yanafanana sana na ya ule mti tuliolia chini yake. Daftari jipya alinunuliwa na baba yake, na kuhusu hilo hakuna aliyesema neno.

Familia inayotaka kwenda Kolo ianze ofisini, isipande bila mwongozaji. Vaeni viatu vilivyofungwa, chukueni maji ya kutosha, ya kunywa na ya udhu. Michoro isiguswe wala kumwagiwa maji ili ing'ae katika picha, kwani jasho la kidole nalo linaila rangi. Asubuhi ndiyo saa njema ya kupanda.