Wiki sita bila kubeba ndoo

Nimepotea hapa karibu miezi miwili, na wengine wenu mmeandika kuuliza kama ile programu ya kupimia samaki imekufa. Haijafa. Aliyekuwa hoi ni mwenye programu: nilikuwa nimepasuliwa kifua.

Wasomaji wa zamani mnanijua. Kwa wageni niseme mara moja tu halafu tuendelee: mimi ni mwanamume transjenda. Nilizaliwa nikaandikwa msichana, naishi kama mwanamume mwaka wa nane sasa, na upasuaji wenyewe ni ule wa kuondoa matiti na kukipa kifua umbo la kiume. Jina ninaloandikia hapa si lile la kwenye kitambulisho, hilo nalo mnalijua.

Nilijiuliza sana kama mada hii inakaa vizuri katikati ya Python na Linux. Lakini kabla ya kwenda nilitafuta maelezo kwa Kiswahili nikatoka mikono mitupu. Ya Kiingereza yako tele, ila yameandikwa na watu wenye lifti, friji ya kutengeneza barafu na dada mwenye gari. Mimi naishi Kililana, bara ya Lamu, jirani na ile bandari ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Nyumbani kwetu maji ya kuoga unayabeba. Basi nimeona niandike mwenyewe.

Kwa miaka saba nilivaa fulana ya kubana kifua. Ukiwa Nairobi mwezi wa saba inavumilika. Ukiwa Kililana wakati wa kaskazi, ala! Ngozi inachubuka chini ya makwapa, pumzi inaingia nusu, mbavu zinalalamika usiku kucha. Ushauri unaotolewa ni kwamba isizidi saa nane kwa siku, usilale nayo, na usijifunge bandeji ya kawaida hata siku moja kwa sababu inazidi kukaza kila unapopumua. Ushauri mzuri. Sasa uufuate katika nyumba yenye watu saba ambayo mlango wa chumba ni pazia. Aliyebuni kanzu, Mungu amrehemu, maana ndiyo iliyonisitiri mimi.

Upasuaji nilifanyiwa Nairobi, katika hospitali ya binafsi nisiyoitaja, kwa fedha za kazi za programu nilizoweka miaka minne. Ulichukua kama saa tatu, na mimi mwenyewe sikuwapo: unadungwa nusukaputi, unahesabu kidogo, unaamka umeshafungwa. Kwa kifua kilicho kikubwa kiasi daktari anachana mistari miwili chini, anaondoa nyama ya titi na ngozi iliyozidi, kisha chuchu anaitoa, anaipunguza na kuipandikiza upya mahali pake kama mche. Kwa kifua kidogo anaweza kupita kuzunguka chuchu tu na kovu likawa dogo. Wavutaji wa sigara wanaambiwa waache wiki kadhaa kabla, kwa sababu nikotini inabana mishipa ya damu na ule mche unaweza kufa.

Halafu ndipo kazi inapoanza. Kila upande wa mbavu unatoka mrija mwembamba unaoishia kwenye kichupa laini cha plastiki kama komamanga. Unakiminya, unakifunga, nacho kinavuta taratibu damu na maji yanayojikusanya ndani. Mara mbili kwa siku unamwaga na kupima. Ndugu zangu, mnanijua: nikipewa namba siwezi kukaa kimya. Nilifungua faili lenye safu tatu, tarehe, kushoto na kulia, nikaandika mistari michache ya Python ya kuchora grafu. Siku ya kwanza kushoto mililita 80, kulia 55. Daktari alisema atatoa mirija ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Kulia kulifika siku ya tano. Kushoto kukagoma hadi siku ya nane, na ile grafu iliyolala palepale ilinikera kuliko maumivu. Maana maumivu, kusema kweli, hayakuwa makubwa nilivyoogopa. Kilichonitesa ni tumbo kufunga kwa sababu ya dawa za maumivu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nunueni mapapai mapema.

La kuliogopa kweli ni hili: katika siku mbili za kwanza upande mmoja ukivimba ghafla, ukawa mgumu na kuuma kuliko mwenzake, damu inavujia ndani. Usisubiri kuche. Rudi hospitali usiku huohuo.

Kuna jambo lilitokea wodini. Kitambulisho changu bado kina jina la zamani, kwa hiyo na faili langu vilevile. Asubuhi ya pili muuguzi akasimama mlangoni akaita jina lile kwa sauti ya sokoni, mara tatu, huku akiangalia kila kitanda isipokuwa changu, maana kwangu aliona mtu mwenye ndevu. Ilibidi niinue mkono, mkono ambao nimekatazwa kuuinua. Wodi nzima ikageuka.

Nikiwa nimelala pale nikamkumbuka Michael Dillon. Huyu alikuwa Mwingereza, na aliondolewa matiti huko Bristol mwaka 1942, kwa hiyo wanaosema haya ni mambo ya juzi wahesabu upya. Baadaye alisomea udaktari Dublin, akawa daktari wa melini. Mwaka 1958 magazeti yakamfichua. Unajua alifichuliwa na nini? Uingereza kuna vitabu viwili vinavyoorodhesha koo za makabaila. Kimoja, Debrett's, kilikuwa kimeshamwandika kama mwanamume na mrithi wa kaka yake. Kingine, Burke's, kilibaki kumwandika kama dada. Hifadhidata mbili hazikupatana, basi! Maisha ya mtu yakaanikwa. Aliacha kazi ya baharini akaenda India, akafa huko 1962.

Ndiyo maana mimi huona uamuzi wa Jaji Weldon Korir wa Oktoba 2014 ni uamuzi wa mtu aliyeelewa hifadhidata, hata kama hakukusudia. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alikuwa ameishtaki KNEC ibadilishe jina kwenye cheti chake cha mtihani. Jaji aliamuru cheti kipya kitolewe kwa jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Alama za mtihani hazitokani na jinsia, kwa hiyo safu ile haikuwa na kazi pale. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka hali ya afya na jinsia ya mtu katika kundi la data nyeti. Wale mnaotengeneza programu za zahanati, jiulizeni ni lini mara ya mwisho mliweka sehemu ya "jina la kuitwa" kando ya jina la kitambulisho. Ni safu moja tu ya ziada.

Haya, turudi. Wiki mbili nilijificha kwa rafiki Nairobi mpaka mirija ikatoka na mshono ukaangaliwa. Kisha nyumbani. Basi nilikataa: saa zote zile za kukaa bila kunyoosha miguu mara baada ya upasuaji zinaweza kugandisha damu, na mkanda wa kiti unapita palepale penye jeraha. Nikapanda ndege hadi Manda, nikavuka kwa boti hadi Mokowe. Pale jetini nahodha alininyooshea mkono anivute juu, kama wanavyofanya kwa kila mtu. Nikamwambia, "Samahani nahodha, nimepasuliwa kifua." Akanishika kiunoni kwa mikono miwili akaniweka juu kama gunia la korosho. Kutoka Mokowe nikachukua gari. Pikipiki ningeshuka nyuzi zimefumuka.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yenyewe. Mama aliolewa Kililana mimi nikiwa mtu mzima tayari, kwa hiyo majirani wananijua kama kijana wake wa kiume, yule anayeshinda ndani na kompyuta. Mama anajua kila kitu. Baba wa kambo anajua nusu na hajawahi kuuliza nusu ya pili, nami namheshimu kwa hilo. Wengine hawajui. Na upasuaji huu una hila moja: unakuondolea hitaji la kujificha maisha yote, lakini wiki sita kabla ya hapo unakuvua kabisa. Usibebe chochote kizidicho kilo mbili au tatu. Usiinue viwiko juu ya mabega. Usivute mlango mzito. Lala chali umeegemea mito. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Huwezi kujiogesha mgongo, huwezi kuvaa fulana kwa kuipitisha kichwani. Lazima kuna mtu akusaidie, na mtu huyo lazima akuone.

Siku ya kwanza nilimkatalia mama asiingie bafuni. Akasimama nje na kopo la maji akaniambia, "Mficha uchi hazai." Nikacheka mpaka mshono ukauma, kwa sababu kati ya watu wote methali ile kumwambia mimi! Naye akacheka. Kisha akaingia. Aliona kifua, bandeji, na chuchu zenye magaga meusi kama makaa. Usiogope weusi huo. Gaga hudondoka na chini yake kuna ngozi mpya. Hakusema neno. Aliniosha mgongo, akanifunga upya ile fulana ya hospitali, akaenda kuangalia wali wake.

Majirani waliambiwa ukweli mtupu: amepasuliwa kifua. Kumbe Kiswahili kimetupangia sitara bila sisi kuomba, maana kifua ni mapafu, ni moyo, ni kikohozi, ni kila kitu. Wakaja na asali na habasoda. Mzee mmoja alikaa mbali kidogo akauliza kwa adabu kama ni kifua kikuu. La, mzee, nilikuwa na nyama iliyoota ikaondolewa. "Alhamdulillahi," akasema, akavuta kiti karibu.

Kilichonitia wasiwasi si watu bali simu. Daktari alitaka picha ya mshono kila baada ya siku tatu, kwa WhatsApp, na simu yangu ndiyo televisheni ya watoto wa nyumba nzima. Kwa hiyo sikilizeni, hii ndiyo sehemu ya teknolojia mliyokuwa mkiisubiri. Kabla ya kupiga picha ya kwanza nilizima uhifadhi wa moja kwa moja wa picha kwenye akaunti ya mtandaoni, maana akaunti ile ipo pia kwenye tableti ya mdogo wangu. Nikazima WhatsApp isimwage picha kwenye galari. Nilipiga picha ndani ya mazungumzo yenyewe, na nikaweka ujumbe wa kujifuta. Uso haukuonekana kamwe, wala pazia letu la maua ambalo kijiji kizima kinalijua. Mkituma picha kama picha ya kawaida, WhatsApp huondoa taarifa za mahali ilipopigwa. Mkiituma kama faili zinabaki. Msichanganye.

Wiki ya tatu nilikuwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Mwili umechoka, dawa zinatoka, huwezi kufanya kazi zaidi ya nusu saa kwa sababu viwiko vimebanwa mbavuni kama kuku. Nilikuwa nimepata nilichokitaka tangu nina miaka kumi na miwili, na nikawa nalia juu ya hitilafu ya kawaida kabisa ya programu. Nimesoma baadaye kwamba huwapata wengi baada ya upasuaji wowote mkubwa. Ilipita.

Sala nilisali kwenye kiti. Takbira yenyewe, kuinua mikono mpaka masikioni, haikuwezekana, na kusujudu ni kukikandamiza kifua chote. Mgonjwa ana ruhusa yake, na nilisali nyumbani. Wiki ya saba nilikwenda Ijumaa. Mikono ilifika mabegani tu, kushoto kukivuta. Yule mzee wa kifua kikuu alisimama kando yangu, bega kwa bega, na mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kubana chini ya kanzu.

Makovu bado yamevimba kidogo. Sisi watu weusi tuko katika hatari zaidi ya kupata kovu linaloota na kuvuka mipaka ya jeraha, kwa hiyo napaka jeli ya silikoni na nayaficha jua. Hukomaa kwa mwaka au zaidi, na likikataa kuna sindano za daktari. Sehemu kubwa ya kifua bado ina ganzi, na huenda nyingine ikabaki hivyo. Tena nyama ya titi haiondoki yote, kwa hiyo ukihisi uvimbe miaka ijayo mwone daktari na umwambie historia yako.

Kuogelea nimeruhusiwa kuanzia mwezi ujao. Baba wa kambo ameshaniambia boti inahitaji mtu wa kuisukuma majini na kwamba amechoka kumwona mtu mzima amekaa. Wiki ijayo tunarudi kwenye programu ya samaki: nimepata kwa nini mizani ilikuwa inasoma gramu kama kilo.