Lugha ya Pete: Rangi, Tarakimu na Kiswahili cha Mafundi

Asiyejua maana haambiwi maana, walinena wahenga. Nimeikumbuka kauli hii mara nyingi katika banda la fundi mmoja wa redio huko Makina, Kibera, ambako hupenda kubarizi nitokapo chuoni. Mezani pake pana kopo lililojaa rezista, vijidude mfano wa pipa dogo vilivyovishwa pete za rangi. Kwa mpita njia hayo ni mapambo. Kwa fundi ni maandishi.

Kazi ya rezista ni kuuzuia mkondo wa umeme usipite kupita kiasi. Uzuiaji huo huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu, kizio kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1827. Kwa kuwa chombo chenyewe ni kidogo na cha mviringo, rangi zimeshika nafasi ya tarakimu: nyeusi ni 0, hudhurungi 1, nyekundu 2, chungwa 3, manjano 4, kijani 5, samawati 6, zambarau 7, kijivu 8 na nyeupe 9. Katika rezista yenye pete nne, mbili za kwanza hutoa tarakimu, ya tatu hutoa idadi ya sifuri zinazofuata, na ya nne hueleza kadiri ya kupotoka kwa thamani: dhahabu ni asilimia 5, fedha asilimia 10.

Tuchukue mfano. Fundi anataka kuwasha kitaa chekundu cha redio kwa betri ya volti 12. Kitaa huchukua volti 2 hivi, na mkondo wake haufai kuzidi ampea 0.02. Volti 10 zilizosalia zikigawanywa kwa 0.02, jibu ni omu 500. Rezista ya kawaida iliyo juu kidogo ya hapo ni ya omu 560: kijani, samawati, hudhurungi. Lakini katika mwanga hafifu, hudhurungi na nyeusi hufanana. Pete ya tatu ikiwa nyeusi, hakuna sifuri ya kuongeza; ukinzani ni omu 56 tu, mkondo unafika takriban mara tisa ya kiwango, na kitaa kinaungua.

Hapa ndipo taaluma yetu inapoingia. Kati ya rangi hizo kumi, ni tatu tu zenye mashina ya vivumishi yanayopokea viambishi vya ngeli: -eusi, -ekundu na -eupe. Nyingi ya zilizosalia zimetokana na vitu: chungwa na zambarau ni matunda, manjano ni kiungo, kijani kimetokana na jani, kijivu na jivu. Aghalabu majina ya aina hii hutofautiana kutoka kwa msemaji mmoja hadi mwingine. Nilimsikia mwanagenzi mmoja akimuuliza fundi, "Mwalimu, hii ni kahawia ama hudhurungi?" Fundi akamjibu, "Hiyo ni braun, kijana wangu. Ni moja." Mwanagenzi hakuridhika hadi alipoletewa mita ya kupimia.

Swali lake halikuwa la mzaha. Shule zetu za sekondari hufundisha fizikia kwa Kiingereza, ilhali vijana wengi wa mabandani waliacha masomo mapema na hujifunza ufundi kwa Kiswahili. Hivyo hulazimika kukariri kanuni ambayo hawakuielezwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, urasmi usiofika kwenye meza ya fundi ni wa karatasini tu.

Ni rai yangu kwamba wanafunzi wa chama chetu, kabla ya kubuni istilahi nyingine mpya, waende kwanza kuwasikiliza mafundi, wakubaliane nao juu ya majina kumi ya rangi, kisha wayachapishe katika ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani. Jambo hilo ni dogo, lakini litamwokolea mtu redio, na huenda likampa kijana riziki.