Kamachumu, Fuso ilikovuliwa injini migombani

Mpenzi msomaji, hebu mtajie mtu wa Dar jina la Bukoba uone. Atakwambia ndizi, atakwambia senene, halafu atacheka na kukuuliza umekutana na nshomile wangapi. Basi, yamekwisha! Hakuna anayekupa habari za mafundi. Wiki hii safu yako imekanyaga huko huko, kuanzia Bukoba mjini mpaka wilayani Muleba, na kilichonishika roho si senene wala nini. Ni injini ya Fuso iliyokuwa inaning'inia katikati ya migomba, nusu tani ya chuma juu ya miti mitatu ya mkaratusi, na wenyewe wako pembeni wanataniana.

Ngoja nikupe mambo tangu mwanzo.

SAFARI YENYEWE

Ukitoka stendi ya Bukoba unapita Rwamishenye, unaanza kula lami kuelekea kusini. Ziwa Victoria linabaki mkono wa kushoto, mara unaliona, mara linajificha nyuma ya vilima. Kushoto kwenu na kulia kwenu ni vibanja tu: migomba, mibuni chini yake, nyumba ya bati katikati. Mgeni anaweza kudhani ni msitu, kumbe kila mgomba una mwenyewe na kila mpaka una kesi yake!

Mnafika Kemondo, penye bandari. Hapa abiria wakubwa kwa umri huwa wananyamaza kidogo. MV Bukoba ilipita bandari hii kupakia, usiku wa kuamkia Mei 21, 1996, kabla ya kuzama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Ndiyo maana watu wa huku ukiwatajia habari ya kuzidisha uzito hawacheki nawe. Lishike hilo, tutalirudia.

Mbele ya hapo ni Muhutwe. Anayekwenda Muleba mjini kwa njia ya lami anaendelea zake. Sisi tukakata kupanda Kamachumu, na hapo ndipo gari linapojulikana kama ni zima au linajikongoja. Mlima ni mlima kweli. Dereva anashuka gia moja, anashuka nyingine, utingo anachungulia nyuma, na moshi unawapungia mkono waliobaki bondeni.

Ni mlima huo huo ulioiumbua Fuso ya mzee wangu mwenyeji. Kwa muda mrefu ilikuwa inakunywa oili kama mlevi anavyokunywa rubisi. Ikafika siku imebeba ndizi, mzee anakanyaga mafuta, injini inalia kwa nguvu, lakini gari halisogei. Klachi inateleza! Wakalitegea magogo, wakashusha mzigo, wakalikokota hadi nyumbani.

KWA NINI NYUMBANI?

Nilimuuliza mzee kwa nini asiipeleke gereji mjini. Akanitazama kama mtoto wa shule.

"Mwanangu, gari likilala gereji ya watu wiki mbili, linarudi limekonda. Unaingiza na altaneta nzima, unatoka na ya kukopeshwa. Hapa kibanjani nati ikipotea namwuliza kuku wangu."

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko nati. Ilikuwa masika, kahawa bado kijani mtini, na mfuko wa mzee umekauka. Wakati kama huo ndipo wanapopita wanunuzi wa butura. Wewe usiyeijua butura, nikufafanulie: mtu anakuja na fedha mkononi, anaitazama kahawa yako ambayo haijaiva, mnakubaliana bei ya kutupa, na siku ya mavuno magunia ni yake. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini shida haisomi tangazo. Ada ya mtoto ikigonga hodi, au injini ikifa, watu wanakwenda gizani kuuza jasho la mwaka mzima.

Mama mwenye nyumba alikuwa ameapa. "Mwaka huu kahawa yangu haiuzwi mbichi. Afadhali hilo gari liote uyoga." Basi njia ikabaki moja: injini na giaboksi zishushwe hapo hapo nyumbani, ziangaliwe, na kitakachotoka mfukoni kiwe cha vipuri tu na ujira wa fundi mmoja. Nyumba nzima ilikuwa inategemea miti mitatu na cheni.

KIMBEMBE CHAANZA

Fundi alikuja asubuhi na mfuko wa spana, akanywa chai, halafu akaanza kuzunguka kiwanja akipiga ardhi kwa kisigino. Anatafuta palipo pagumu na tambarare. Alipopapenda, mama akatokea jikoni.

"Fundi, hapo hapana. Hapo amelala baba mkwe."

"Samahani mama," fundi akasema, akavua kofia. Kwa Wahaya kibanja si shamba tu, ni mahali wanapolala wazee wa nyumba hiyo. Ukimwaga oili chafu juu yao umevunja heshima ya ukoo. Wakahamia karibu na lango, penye mti mkubwa wa muhumula.

Kijana mmoja akadakia: "Si tufunge cheni kwenye tawi tu?"

Fundi akatikisa kichwa. "Tawi halina mdomo. Likichoka halikwambii."

Wakakata mikaratusi mitatu minene, wakaifunga juu kwa cheni, wakaisimamisha kama mafiga. Kila mguu ukachimbiwa kishimo ili usitambae. Kileleni ikatundikwa winchi ya cheni, ile ya kuvuta kwa mkono, krr krr krr. Tairi zikategwa magogo mbele na nyuma. Waya wa betri ukatolewa. Maji ya rejeta na oili vikamwagwa kwenye madumu. Mama aliichukua ile oili chafu yote, akapake nguzo za uzio zisiliwe na mchwa.

Kichwa cha Fuso kikainamishwa mbele, kikashikwa na mkono wake wa chuma, na fundi akaongeza gogo la kukizuia maana, alisema, chuma nacho huchoka. Rejeta ikatoka, feni ikatoka, bomba la ekzosi likafunguliwa, propela ikashushwa, mipira ya upepo wa breki ikakatwa viungo. Kila bomba la diseli lililofunguliwa likazibwa kwa kitambaa safi, kwa sababu punje ya mchanga ikiingia kwenye pampu au nozeli, umejitakia ugomvi mwingine wenye gharama.

Sasa sikia raha. Karani wa kazi yote alikuwa binti wa mzee, wa kidato cha pili. Kila waya uliotolewa aliubandika plasta yenye namba, na namba ile akaiandika kwenye daftari: huu unatoka stata, huu wa taa ya oili. Bolti za kila sehemu zilikaa kwenye kopo lake la Blue Band. Kaka yake akamcheka, ati picha za simu zinatosha. "Na simu ikizima?" binti akajibu. Kaka akanywea.

Giaboksi ndiyo iliyotangulia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi aliinama kweli kweli, mgongo kwenye mkeka wa majani makavu ya migomba. Injini ikawekewa gogo kwa nyuma, giaboksi ikapakatwa na jeki, bolti za kuzunguka zikafunguliwa zote isipokuwa mbili zinazotazamana. Hizo mbili za mwisho ndizo zenye siri. Ukizitoa bila kushikilia, giaboksi yote inaegemea shafti yake, na hapo umeua klachi pleti, pengine na shafti umeipinda. Inatakiwa ivutwe nyuma moja kwa moja, taratibu, mpaka shafti itoke yote. Ikatoka. Klachi pleti ilikuwa imekwisha hadi ribiti, na imelowa oili kwa sababu sili ya nyuma ya injini ilikuwa inavuja. Ndiyo maana mlima uliwashinda!

Siku ya pili ikaja zamu ya injini yenyewe, ile ya silinda sita. Cheni ikafungwa kwenye masikio yake ya chuma, bolti za miguu zikatolewa, winchi ikaanza kulia. Injini ikapanda kidole kimoja, viwili, vitatu. Usiku kulikuwa na mvua, na ghafla mguu mmoja wa mkaratusi ukazama kwenye udongo. Kile kitu kikayumba kama kengele ya kanisa. Kijana mmoja akakimbilia kuishika kwa mikono.

"Acha! Toka hapo!" fundi akafoka kwa sauti iliyonyamazisha hadi kuku. "Ikitaka kuanguka iache ianguke. Chuma kinanunuliwa!"

Kijana akaruka kando. Kukawa kimya. Injini ikacheza, ikatulia. Wakaishusha kwenye gogo, wakachimba upya, wakatia mawe chini ya mguu ule, halafu wakaanza tena. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imeshika magoti. Baadaye aliniambia hakuwa anaiwaza Fuso wakati ule, alikuwa anawaza angemwambia nini mama wa yule kijana.

Mara ya pili ikapanda bila wasiwasi hadi ikavuka chesesi. Magogo yakapitishwa chini yake, ikalazwa, ikateremshwa ubavuni polepole mpaka kwenye mbao. Ndipo mama akatoa katogo la ndizi na maharage, na hakuna aliyekumbuka kunawa oili yote.

CHUMA SI MGENI HUKU

Usidhani chuma kimeingia Kagera kwa meli. Kule Katuruka, upande wa Maruku, Bukoba Vijijini, wataalamu wa mambo ya kale walichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri unaokaribia miaka 2,000. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science juu ya ufundi huo, baada ya kukaa na wazee wa Kihaya waliowaonyesha jinsi tanuri ilivyojengwa na mivukuto ilivyopulizwa. Kwa hiyo yule fundi anayepiga ardhi kwa kisigino ana ukoo mrefu wa kazi nyuma yake, hata kama yeye mwenyewe anasema alijifunza chini ya lori.

Injini ilipopasuliwa, ringi zilikuwa zimekwisha na slivu zimelika. Krenki ikafungwa kwenye gunia, ikapelekwa Bukoba na kupandishwa meli ya Victoria kwenda kupimwa Mwanza. Ni ile meli ya zamani iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Juzi mzee amenipigia simu: krenki haijapasuka, itachongwa saizi ya kwanza tu. Sasa ni mbio kati ya krenki kurudi na kahawa kuiva. Butura haijauzwa. "Bado," alisema, na kwenye hiyo "bado" nilisikia mengi.

Nawe msomaji ukienda Muleba usiishie kupiga picha za maporomoko na ziwa. Ukisikia krr krr ya cheni migombani, piga hodi, amkia wazee, omba kutazama. Watakukaribisha ndizi. Ila simama mbali na miti mitatu, na usiulize kahawa yao wanauza lini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.